Maji Tuliyokwisha Kuyalipia Yako Wapi?

Hotuba niliyoitoa kwa wakazi wa mtaa wetu, wiki moja kabla ya mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya wananchi, kuhusu bei mpya za maji. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini, safarini au msibani siku ile.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wajumbe wa serikali ya mtaa, shehe wetu na mchungaji wetu, wazee wangu, kina mama wenzangu, na ninyi vijana wa bodaboda mliozima pikipiki zenu mkakubali kukaa nasi kwenye jua hili. Wazee, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Mnanifahamu. Miaka 26 nimepita mitaa ya mji huu nikisoma dira za maji. Nyua zenu nimeingia, dira zenu nimeziinamia, na wengi wenu nimewaona mkizaliwa, mkioa, mkijenga. Nilipostaafu nilidhani mambo ya maji nimeyaacha mlangoni pamoja na kile kitambulisho cha kazi. Lakini tangu Jumatatu, tangazo lilipobandikwa pale ofisi ya mtaa, mlango wangu haufungwi. Kila anayepita anauliza: mama, hili la bei unasemaje?

Mamlaka yetu ya maji imepeleka ombi la kupandisha bei kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji hapa Tanzania. Kiasi wanachoomba mmekiona, sina haja ya kukirudia. Na mitaani nasikia kauli mbili tu. Wengi wanasema: haipandi, tutakwenda kuwazomea. Wachache wanasema: acha ipande, ilimradi yatoke. Ndugu zangu, leo nimekuja kuwaomba jambo moja. Tusiende ukumbini na kauli ya kwanza, wala tusiende na ya pili. Twende na swali. Swali lenyewe ni hili: maji tuliyokwisha kuyalipia yako wapi?

Lishikeni swali hilo, nitarudi kwake. Kwanza nianzie mbali kidogo, kwa sababu kuna neno linalozunguka sana vijiweni: mbona zamani maji yalikuwa bure?

Wazee walioko hapa wanaikumbuka hiyo zamani. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumbani kwake, ili ifikapo 1991 asibaki mtu. Lilikuwa jambo kubwa. Nchi changa, maskini, ikasimama ikasema maji ni haki ya kila mtu, na mwanakijiji hatatozwa. Mimi ni mtoto wa mpango huo, na sitamsikia mtu akiudharau nikanyamaza.

Kijijini kwetu waliweka mashine ya dizeli kando ya kisima, ndani ya kibanda cha bati. Mwangalizi wa mashine alikuwa baba yangu mdogo. Alfajiri tuliisikia ikiguruma, nasi watoto tukajua: leo hatuendi mtoni. Siku moja mkanda ukakatika. Baba mdogo akapanda lori hadi wilayani kuomba mkanda mwingine. Akaambiwa asubiri bajeti. Akarudi. Baada ya mwezi akaenda tena. Subiri. Mkanda ulipopatikana, dizeli ikakosekana. Dizeli ilipopatikana, pampu ilikuwa imekwisha liwa na kutu. Nilipofika darasa la sita, kuku walikuwa wanatagia ndani ya kile kibanda, na mama yangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda mtoni kama alivyofanya bibi yangu.

Mashine ile hakuna aliyeiiba. Hakuna aliyeihujumu. Ilikufa kwa kukosa mkanda, kwa sababu hapakuwa na mfuko wowote pale kijijini ambao mtu angetia mkono akatoa hela ya mkanda. Vijiji vingi vina hadithi hiyo hiyo. Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 1991, na baadaye ile ya 2002, zikaanza kusema wananchi nao wachangie.

Kwa hiyo mtu akiniambia maji ni zawadi ya Mungu, namwambia ni kweli kabisa, lakini bomba halikushuka na mvua. Kuna umeme wa kuyasukuma kutoka bondeni mpaka kwenye tanki kule juu, na umeme hauna huruma. Kuna shabu ya kutuliza tope. Kuna klorini. Kuna fundi anayeingia shimoni saa tisa usiku, maji yakimfika kiunoni, wakati mimi na wewe tumelala. Hivyo vyote hulipiwa, na vyote hupanda. Mamlaka ikisema gharama zimepanda, tusiwatukane. Gharama za kweli nitazilipa, na nitawaomba nanyi mzilipe. Nasema gharama za kweli.

Sasa naomba mikono. Nani hapa ana bomba uani kwake? Asanteni, shusheni. Nani ananunua maji kwa dumu? Nyoosheni juu tuwaone. Mnaona wenyewe? Mikono ya mara ya pili ni mingi kuliko ya kwanza, na karibu yote iko huku nyuma, kwa wenzetu wa kilimani.

Tufanye hesabu, wala si ngumu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Dumu letu ni lita 20. Kwa hiyo uniti moja ni madumu 50. Kuna mama mmoja kule juu, anauza uji na vitumbua, wengi wenu mnakula kwake kila asubuhi. Huyo ananunua dumu kwa kijana wa mkokoteni kwa shilingi 300. Mgao ukibana, 500. Zidisheni. Madumu 50 kwa shilingi 300 ni shilingi 15,000. Kwa 500 ni shilingi 25,000. Hiyo ndiyo bei ya uniti moja kwa mama muuza uji. Sasa wewe mwenye bomba, toa ankara yako mfukoni, tazama uniti moja umetozwa shilingi ngapi.

Mmenyamaza.

Yule mama hayumo kwenye daftari la wateja. Hana namba ya akaunti, hana dira. Tangazo linasema bei mpya zitawahusu wateja wote, naye si mteja. Lakini katika mji huu hakuna anayelipa maji ghali kama yeye na wenzake. Basi tunapokwenda ukumbini kupiga kelele bei isipande, tunampigania nani? Bei ikibaki chini, na hela ya kupeleka bomba kilimani isipatikane, anayenufaika ni mimi ninayemwagilia mchicha kwa mpira. Yeye bei yake ilikwisha panda siku nyingi, tena bila taftishi.

Nikisema hivyo, wako watakaodhani natetea ombi hili lipite kama lilivyo. Hapana. Nisubirini.

Ndani ya ombi kuna kitu kinaitwa bei za ngazi. Uniti tano za kwanza kwa mwezi zina bei nafuu, zikizidi hapo bei inapanda. Ukiisikia hivi hivi unasema, ah, wamewafikiria wanyonge. Na nia, naamini, ilikuwa hiyo. Lakini mimi nimeingia kwenye nyua. Ninajua nyumba za mji huu zilivyo. Nyumba ya vyumba sita, kila chumba kina familia yake, wanachangia bomba moja uani na dira moja. Gawanyeni uniti tano kwa familia sita kwa siku 30. Kila familia inapata lita 28 hivi kwa siku. Hata dumu moja na nusu halifiki! Kupika, kunywa, kuoga, kufua, choo, kwa dumu moja na kidogo. Maana yake wiki ya kwanza ya mwezi tu, wapangaji hawa wamekwisha panda ngazi, na mwezi wote uliobaki wanalipa bei ya juu. Huku mtu na mkewe, ndani ya nyumba yao ya geti, wanatumia uniti zao nne wanabaki kwenye bei ya mnyonge.

Je, ni haki? Walioandika ombi si watu wabaya. Ni kwamba mezani kwao dira moja ni familia moja. Nani atakwenda kuwaambia kuwa huku kwetu dira moja ni familia sita? Ni sisi. Hakuna mwingine. Kama hatusemi sisi, EWURA wataambiwa na nani?

Haya, turudi kwenye swali letu.

Mchukulieni muuza maziwa. Asubuhi ananunua lita 100 kwa wafugaji. Ndoo yake imetoboka. Mpaka anafika mtaani, lita 30 na ushei zimemwagika njiani. Atafanya nini? Lita zilizobaki lazima zirudishe hela ya lita 100, kwa hiyo anapandisha bei ya kikombe. Wewe mteja unalipa maziwa unayokunywa, na unalipa yaliyomwagika. Wiki ijayo anakuja tena: jamani, gharama zimepanda, naomba niongeze kidogo. Utamjibu nini? Mimi ningemwambia: baba, zibe ndoo kwanza.

Na mfano huo sikuutia chumvi. Ripoti za EWURA wenyewe kuhusu mamlaka za maji nchini zimekuwa zikionyesha kwamba takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa hayalipiwi na mtu. Yamechotwa, yamesukumwa kwa umeme, yametiwa dawa, halafu yamepotea. Theluthi moja! Katika kila ndoo tatu, moja haina mwenyewe. Na umeme wake umelipiwa. Na dawa yake imelipiwa. Imelipiwa na nani? Na wewe uliyelipa ankara yako bila kuchelewa.

Yanakwendaje? Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu na kukisikia kwa sikio langu.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, fundi mmoja mzee alinichukua kwenda kutafuta mivujo usiku. Nilimuuliza kwa nini usiku. Akasema mchana mji una kelele, na usiku watu wamefunga koki, kwa hiyo maji yanayotembea saa nane za usiku yanakwenda mahali ambapo hayakuitwa. Alikuwa na fimbo ya chuma, ndefu kama mkongojo. Tukifika kwenye valvu, anaigusisha ncha moja chini, nyingine anaiweka sikioni, anafumba macho. Kisha akanipa mimi. Mwanzoni sikusikia kitu. Akasema, usisikilize kama unayesubiri kuitwa, sikiliza kama mama anayemsikiliza mtoto mgonjwa. Nikatulia. Ndipo nikaisikia, mbali, chini ya ardhi: shiiii, haikatiki, haipumui. Juu yake palikuwa pakavu kabisa. Vumbi. Mtu angepita hapo miaka kumi asijue. Tulipochimba asubuhi, tulikuta bomba la chuma la zamani limeliwa na kutu, tundu la ukubwa wa shilingi, na maji yametafuta njia yake mpaka kwenye mtaro wa mvua. Mzee alisimama akalitazama lile tundu, akasema, hili limekunywa kuliko shule nzima.

Usiku ule sijausahau. Na kinachoniuma ni kwamba mzee yule alipostaafu, hakuna aliyeichukua fimbo yake. Kazi ya kusikiliza iliisha. Tukawa tunangoja maji yatoke juu yenyewe, watoto wayaogelee, mwananchi apige simu mara nne, ndipo gari lije.

Huo ni mvujo. Kuna na wizi. Kuna laini zinazopita pembeni ya dira, zimefukiwa vizuri, zimepandiwa maua. Nimewahi kusimama kwenye kiwanda cha matofali kinachofyatua kutwa nzima, na dira yake imelala. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inasema hilo ni kosa la jinai. Lakini ndugu zangu, tuambiane ukweli, ni nani mwepesi kukatiwa maji katika mji huu? Ni mama mwenye deni dogo. Wakubwa wenye deni kubwa, na baadhi ya ofisi za umma, wanapigiwa simu kwa heshima.

Na kuna la tatu, na hili naomba nilisimulie taratibu kwa sababu nami nimo.

Zamani zile, ukikuta geti limefungwa, au dira imezama kwenye tope kioo hakionekani, uliruhusiwa kuandika makadirio. Unatazama mwezi uliopita, unaandika namba inayofanana. Siku moja mjane mmoja aliniita ndani. Hakuwa na hasira. Alileta kopo la maziwa ya unga, akatoa ankara zake zote, amezipanga kwa miezi. Akasema, mwanangu, mimi nilikuwa kwa binti yangu miezi mitatu, nyumba imefungwa, haya maji alitumia nani? Nikazishika zile karatasi. Nikafungua na daftari langu la usomaji. Miezi yote mitatu, mwandiko ni wangu.

Yule mama alikuwa amelipa zote. Nilimwomba radhi, na nilipeleka jambo lake ofisini mpaka likarekebishwa, ilichukua muda. Lakini tangu siku ile najua kwamba namba iliyoandikwa kwenye ankara inaweza kuwa na muhuri, inaweza kuwa na nembo, na bado ikawa si kweli. Ndiyo maana nawaambia kila mmoja wenu: jifunze kusoma dira yako. Fungua kifuniko, futa kioo kwa kidole. Namba nyeusi ndizo uniti unazotozwa. Zile nyekundu ni vipande vya uniti, usizihesabu. Pale kati kuna kijinyota kidogo au kijipembe. Funga koki zote za nyumba, kisha kitazame. Kikizunguka, una mvujo ndani kwako mwenyewe, mara nyingi ni tanki la choo. Na siku maji yanaporudi baada ya mgao, kaa karibu na dira. Ukisikia upepo unapuliza, fyuu, na kijinyota kinakimbia kabla tone halijatoka, piga picha, andika saa. Watu wa mji huu mmelalamika miaka mingi kwamba mnalipia upepo, na mmejibiwa kwamba hamna ushahidi. Haya, uleteni.

Kuna mji nauwaza sana kila linapokuja suala hili. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Nchi ile ilitoka kwenye vita na mauaji mabaya kuliko tunavyoweza kufikiri. Mwaka 1993, mamlaka yao ya maji ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake. Asilimia 72! Maji yalitoka saa kumi hivi kwa siku, tena kwa wachache. Akawekwa mkuu mpya, mhandisi anaitwa Ek Sonn Chan. Hakuanza na bei. Alianza na ndoo. Aliwahesabu wateja upya nyumba kwa nyumba, akafunga dira kila mahali, akawafukuza wafanyakazi waliokuwa wanauza maji ya wizi, akawaweka mafundi wa mivujo wakae tayari usiku na mchana. Halafu akawaendea wakubwa. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyokwenda kukata maji ya jenerali mmoja wa jeshi asiyelipa, jenerali akamwelekezea bastola kichwani. Aliondoka. Akarudi na askari wenye silaha na waandishi wa habari, akakata. Jenerali akaja kulipa.

Sasa sikilizeni mpangilio. Wakati maji yanatoka na wakubwa wanalipa, ndipo, mwaka 1997, wakaomba bei ipande kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili, mwaka 2001, ikapita. Hatua ya tatu haikuhitajika. Makusanyo yalikuwa yamekwisha tosha kubeba gharama. Mwisho wa muongo ule, upotevu ulikuwa umeshuka mpaka asilimia 6 hivi, maji yanatoka saa 24, na mitaa ya maskini imeunganishwa kwa bei ya unafuu. Mamlaka ya umma, si kampuni kutoka nje.

Nasema hivyo kwa sababu nimesikia kijana mmoja hapa akisema dawa ni kumpa mwekezaji. Mwanangu, tulikwisha jaribu. Dar es Salaam, mwaka 2003, kampuni binafsi, City Water, walipewa mkataba wa miaka kumi kuendesha huduma. Makusanyo hayakufika walikotegemea, ugomvi ukaanza, na Mei 2005 Serikali ikauvunja. Hata miaka miwili ya kazi haikutimia. Kesi zikaendelea nje ya nchi mpaka 2008. Ukibadilisha mchotaji bila kuziba ndoo, maji yatamwagika vile vile.

Basi tufanye nini wiki ijayo? Kwanza tujue mkutano huu ni wa nini. Mamlaka haiwezi kupandisha bei kwa kupenda kwake. Sheria ya EWURA inataka kabla ya bei kubadilishwa ufanyike uchunguzi, watu wasikilizwe. Hiyo ndiyo taftishi. Mamlaka inaleta ombi na mpango wake wa biashara, inaeleza hela itakwenda wapi. Anayekaa kule mbele kutusemea ni Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, nao wanahitaji tuwape silaha za kusemea. Baadaye Bodi ya EWURA inaamua. Inaweza kukubali yote, inaweza kupunguza, inaweza kukataa, na, sikilizeni hapa, inaweza kukubali kwa masharti. Asiyeridhika anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Asiyeweza kufika ukumbini anaweza kuandika maoni yake na yakapokelewa.

Nimehudhuria mikutano hii nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza. Najua kinachotokea. Mtu anasimama, anapiga kelele dakika tano, anapigiwa makofi, anakaa. Kwenye daftari la karani inaandikwa: mjumbe alipinga. Maneno mawili. Kisha anasimama mzee mmoja, ana karatasi mkononi, anasema: ankara yangu ya mwezi wa nne ni hii, mgao ulikuwa siku 19, nilipata maji siku 11, nimetozwa hivi, naomba maelezo. Ukumbi unatulia. Wakuu wanatazamana. Karani anaandika ukurasa mzima.

Kwa hiyo tukiwa pale, tuulize upotevu wa mji wetu ni asilimia ngapi, mwaka jana ulikuwa ngapi, na katika kila shilingi wanayoomba ni senti ngapi zitakwenda kuziba. Tuombe masharti yaandikwe kwenye amri ya bei: nyongeza ije kwa awamu, na awamu ya pili isiingie mpaka upotevu uwe umeshuka kwa kiasi kilichotajwa. Madeni ya ofisi za umma na ya wafanyabiashara wakubwa yawekwe mezani kabla ya deni la mama. Nyumba za wapangaji zihesabiwe kwa familia, si kwa dira. Na bomba la kilimani litajwe kwa mwaka na kwa jina la barabara, siyo "kadiri fedha zitakavyopatikana". Wakiyakubali hayo kwa maandishi, mimi binafsi nitanyanyua mkono nyongeza ipite, na nitasimama hapa hapa niwaambie kwa nini. Wasipoyakubali, nitasimama nipinge, na nitakuwa na karatasi mkononi.

Mama muuza uji nimemwomba twende naye. Anasema hajawahi kushika kipaza sauti. Nimemwambia asishike, aje na dumu lake tupu tu, akae mbele, akiulizwa bei yake aiseme.

Gari litaondoka hapa ofisi ya mtaa Alhamisi saa mbili kamili asubuhi, nauli mwenyekiti amesema atachangia nusu. Sasa naomba wenye ankara za miezi mitatu iliyopita wazisogeze kwenye meza hii, katibu aanze kuziandika kabla jua halijapanda. Wa kilimani, msikae nyuma. Ninyi hamna ankara, lakini njooni mwandike dumu mnanunua shilingi ngapi, na kwa siku madumu mangapi. Tunaanza na ninyi.